Gazeti Ndani ya Kofia

Aliyenipa habari ya kipara changu alikuwa mkubwa wangu wa kazi, amesimama mbali nami kiasi cha minazi kumi, jicho moja amelifumba na jingine amelibandika kwenye darubini ya kupimia ardhi. Mimi nilikuwa mwisho wa shamba, nimeshika mti uliopakwa rangi nyekundu na nyeupe, nimempa mgongo kwa sababu jua lilikuwa upande wake. Nilikuwa nimevua pama langu la ukindu nijipepee. Nikamsikia anacheka peke yake.

"Yakhe," aliita, "hilo pama usilivae. Kaa hivyo hivyo. Nnakuona vizuri kuliko huo mti."

"Unaona nini?"

"Utosini kwako pameshafyekwa. Wakija kugawa eka tatu tatu, na hapo patapata mtu."

Nilipeleka mkono nikakuta ngozi, laini, ina joto, pana kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sikuwa na habari. Kioo cha nyumbani kwetu kilikuwa kidogo, kimetundikwa karibu na mlango, na mimi nilikuwa nikijitazama mbele tu, ambako nywele zilikuwa bado zimesimama. Nyuma ya kichwa cha mtu ni mali ya wenzake. Wao ndio wanaopaona.

Kazi yangu ilikuwa kushika mnyororo wa kupimia. Baada ya mambo kugeuka mwaka sitini na nne, mashamba yalikatwa upya, na wapimaji wachache waliobaki walitaka vijana waliosoma kidogo, wanaoweza kuandika namba bila kukosea na kutembea bila kulalamika. Mimi nilikuwa nimemaliza sekondari. Kuandika namba nilijifunza, kutembea nilizaliwa nako. Wenzangu walitaka kukaa ofisini, wapate kiti na feni. Mimi nilitaka gari litakalonishusha Mwera leo, Bumbwini kesho, na keshokutwa pahala ambapo sijawahi kunywa maji yake. Ugonjwa huo sijapona. Nimeshahama nyumba nane tangu wakati ule, na hii ninayoandikia leo haina hata kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa vizuri, maana moyoni najua haitakuwa ya mwisho.

Lakini siku ile sikuwaza safari. Niliwaza Kiembe Samaki.

Kiembe Samaki alikaa mjane mmoja na binti yake, washona kofia. Nyumba yao ilikuwa ya udongo na chokaa, ina baraza upande wa barabara, na juu ya baraza hiyo kila siku ya jua utakuta faroma zimepangwa, vile vigogo vya mti vilivyochongwa mfano wa kichwa, ambavyo kofia ikishafuliwa na kutiwa wanga huvishwa ikauke bila kunywea. Ukipita kwa mbali ungedhani ni wazee wamekaa wanazungumza. Mama yangu alinituma huko mara ya kwanza nikatengenezewe kofia ya Sikukuu. Mjane alinizungushia uzi kichwani, juu kidogo ya masikio, akafunga fundo pale ncha zilipokutana, akautundika msumarini pamoja na nyuzi nyingine. Kila mteja na uzi wake. Hakuwa na daftari. Alikuwa akiutazama tu uzi na kusema, huyu ni fulani wa Malindi, huyu ni baba yake fulani.

Wakati ule nywele zangu zilikuwa nzito. Nilikuwa nikikatwa njia pembeni kwa wembe, iliyonyooka kama mstari wa rula, na kuzipaka mafuta ya nazi mpaka mto wa kulalia ukawa na alama. Uzi ule ulizunguka kichwa na msitu wake wote.

Binti alitoka kuniletea kofia ilipokuwa tayari. Alikuwa na kibandiko cha plasta kwenye kidole cha shahada, na uzi mweupe umemning'inia begani bila yeye kujua. Alisema maneno matatu: "Ivae nione. Imekaa." Mimi nilirudi mjini kwa baiskeli nikiyahesabu. Mwezi uliofuata nikaenda kuagiza kofia nyingine. Kisha nyingine. Nilikuwa na kofia ya Ijumaa, ya kazini ambayo sikuivaa kwa sababu kazini nilivaa pama, ya mazishi, na moja niliyodai ni ya kuazima wageni. Ilipofika ya saba mama yangu aliniuliza:

"Wewe mwanangu una vichwa vingapi?"

"Kimoja, mama."

"Basi ukiwa na haja na mtu sema, tuende tukapeleke hiyo posa. Bafta yenyewe siku hizi haipatikani, unawamalizia watu vitambaa."

Ilikuwa kweli. Kitambaa kilikuwa haba, na kofia yangu ya tano ndani yake ilikuwa na kivuli cha herufi za gunia la unga zilizokataa kutoka hata baada ya kuchemshwa.

Tulikubaliana mama na shangazi zangu waende Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishapita. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeweka nadhiri. Na miezi mitano kabla ya Mfunguo Mosi ndipo mkubwa wangu wa kazi alipotazama katika darubini yake akaona kiwanja.

Huenda msomaji wa leo akasema, kipara nini bwana. Lakini mjane yule alikuwa ameshamkataa mposaji mmoja, mfanyabiashara mzuri aliyekuwa na nyumba, kwa sababu ya mvi. Maneno yake yalifika mpaka mtaani kwetu Kajificheni: "Binti yangu hatozeeshwa na mume. Akizeeka atazeeka mwenyewe." Mimi sikuwa na mvi. Lakini mtu mwenye utosi unaong'aa na ndevu ambazo bado hazijakubali kushikana, utamwambia nani kwamba ana miaka ishirini na moja? Kwetu umri husomwa kichwani kwanza, cheti baadaye. Niliona wazi kwamba nikijulikana kabla ya posa, jibu litakuwa lile lile la mwenye mvi.

Nikaanza kujitibu. Nilipaka habasoda. Nilipaka mafuta ya nyonyo, ambayo hayanuki vizuri na hushika vumbi la barabara ya shamba kama gundi. Nilisugua kitunguu maji mpaka macho yakatoka machozi, na mama akauliza kama nimefiwa. Kisha mtu mmoja tuliyefanya naye kazi akanipatia kichupa cha mafuta ya makonyo ya karafuu, akaniambia tone moja katika kijiko cha mafuta ya nazi. Sisi watu wa Unguja tumekua na karafuu. Tumezinusa zikianikwa, tumezitafuna, tumezitia katika chai na katika wali. Tunajiona ni ndugu zetu, na ndugu hawezi kukudhuru. Tone moja niliona ni ubahili. Nikayamimina yalivyo.

Kwa nusu saa ya kwanza nilihisi nywele zinaota. Baada ya hapo nilihisi zinaota zikiwa na moto. Nilichovya kichwa katika ndoo na maji yakazidi kuuchochea. Asubuhi utosi ulikuwa mwekundu, na siku ya tatu ngozi ikaanza kuambuka, ikaenda na nywele chache ambazo hazikuwa na kosa. Kiwanja kikawa kipana kama kisahani.

Harufu ndiyo iliyonitesa zaidi. Karafuu hiyo haikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu. Nilisimama katika safu msikitini, na mzee wa kulia kwangu alipotoa salamu ya mwisho aligeuka moja kwa moja akaninong'oneza:

"Jino la juu au la chini?"

"La chini," nikasema. Ilikuwa rahisi.

"Ling'oe, babu. Karafuu hutuliza tu."

Ijumaa iliyofuata aliniuliza kama nimeling'oa. Nikahamia msikiti mwingine.

Nao ukawa mwanzo wa mwenendo wangu mpya. Mtu anaweza kuvaa kofia mchana kutwa, kazini, barazani, gengeni, lakini akifika kwenye birika kutia udhu lazima aivue apake maji kichwani, na wenzake wamepanga foleni nyuma yake, macho yao kwenye utosi wake. Kwa hiyo nikaamua birika moja lisinione mara mbili. Mji Mkongwe una misikiti mpaka katika vichochoro ambavyo punda hageuki. Adhuhuri nilisali Malindi, alasiri Mkunazini, magharibi Vuga, kesho yake nikaanza Kiponda. Nilijua birika lipi lina maji baridi, lipi lina kata mbovu, na lipi limewekwa nyuma ya nguzo ambapo mtu anaweza kujipaka kichwa kwa faragha. Nikikumbuka leo naona kwamba nusu ya miji niliyokaa nimeitembea kwa mtindo huo huo, nikitafuta pahala ambapo sijaonekana. Mguu wangu ulifundishwa na kichwa.

Kinyozi wangu, aliyekuwa na duka dogo Mkunazini lenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembe, alinipa ushauri wa kwanza wenye maana. Alikuwa ameniona utosi siku zote hizo na alikuwa amenyamaza.

"Kwa nini hukunambia?" nilimuuliza.

"Ungekuja tena?"

"Ningekuja."

"Hakuna aliyekuja tena." Alinigeuza kichwa huku na huku. "Nikupunguze pembeni. Penye msitu karibu na jangwa, jangwa huonekana. Ukifyeka pote, mtu hajui pa kutazama."

Akanipunguza mpaka karibu na ngozi, na kweli nikaonekana nafuu. Lakini sikuwa nimefikiria kofia. Siku ile ile nilipoivaa, ilishuka ikafunika masikio. Zote saba. Zilikuwa zimeshonwa kwa kipimo cha kichwa na msitu wake, na msitu sasa ulikuwa kwenye sakafu ya kinyozi. Nikiendesha baiskeli ilibidi nishike usukani kwa mkono mmoja na kofia kwa mkono wa pili, na wenzangu wa barazani wakaniuliza nampungia nani.

Dawa ya kweli ilikuwa kwenda Kiembe Samaki nikapimwe upya. Lakini kupimwa ni kuvua. Nikaenda, nikasimama barazani kofia nimeishika kama naogopa upepo, nikaagiza kofia ya nane.

"Nikupime?" mjane aliuliza.

"Kipimo kile kile, Bi Mkubwa. Mimi sikui tena."

Aliutazama uzi wangu msumarini, akanitazama mimi, akasema haya. Ya nane ikatoka pana kama saba wenzake.

Hapo ndipo nilipogundua gazeti. Unachukua ukurasa mmoja, unaukunja kwa urefu mara nne tano mpaka uwe mkanda mnene, unauzungusha ndani ya kofia chini ya mshono. Kofia hukaa kama imepigwa msumari. Nilijiona fundi. Jua la shamba lilipokuwa kali, jasho lilitoa wino, na mkubwa wangu wa kazi alidai anaweza kusoma bei ya nazi kwenye paji langu, lakini huyo alishajua siri na hakuwa na wa kumwambia isipokuwa minazi.

Ramadhani ikaingia. Katika kumi la mwisho watu wote walipeleka kofia zao zifuliwe na kutiwa wanga kwa ajili ya Sikukuu, na mimi nikakusanya zangu nne zilizo safi kidogo, nikatoa magazeti, nikazifunga kitambaani, nikampelekea mjane asubuhi na mapema. Binti alizipokea mlangoni. Akasema, "Zote?" Nikasema, "Zote." Nilirudi mjini nafsi yangu imekunjuka.

Alasiri nilikuwa nahesabu magazeti yangu niyakunje upya. Yalikuwa matatu.

Nilipanda baiskeli bila ya kuvaa viatu vya sawa. La nne, la kofia ya Ijumaa, lilikuwa limeganda kwa jasho kwenye kitambaa hata nikaliona ni sehemu ya kofia. Nilijiambia labda hawajaanza kufua. Labda wamelikuta na kulitupa wakidhani ni takataka. Nilipofika kwenye ule mnazi uliopinda, kabla ya nyumba yao, niliiona baraza. Faroma zimepangwa mstari, kofia nyeupe zimevishwa, zinameta. Na mwisho wa mstari, limekunjuliwa lote, limenyooshwa kwa mkono wa mtu mwangalifu, limewekewa jiwe kila pembe lisipeperuke, gazeti langu linakauka juani.

Niligeuza baiskeli.

Kesho yake mama yangu, aliyekuwa na safari yake ya upande huo, alinirudishia furushi. Kofia nne, ngumu kwa wanga, zimepangwa moja ndani ya nyingine. Na gazeti, limekunjwa mara nne.

"Hebu nambie," mama alisema, "toka lini magazeti yakatiwa wanga?"

"Nani kakupa hilo?"

"Binti. Kasema ni mali ya mteja, hawezi kuitupa."

"Kacheka?"

"Hakucheka. Kaniuliza tu kama unalala vizuri."

Niliivaa kofia ya Ijumaa bila gazeti ili nione aibu yangu vizuri. Haikushuka. Ilikaa juu ya masikio pale pale inapotakiwa kukaa. Nikaivua nikaitazama ndani. Mshono wa nyuma ulikuwa umefumuliwa na kushonwa upya, umepunguzwa upana wa kidole kimoja, kwa uzi mwembamba ambao usingeuona usipoutafuta. Nikavaa ya pili, ya tatu, ya nne. Zote zimepunguzwa. Alikuwa amekunja gazeti kama nilivyolikunja mimi, akapima unene wake, akautoa katika kofia. Alikuwa amejua kichwa changu kwa hesabu, bila ya kukiona.

Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi nilisikia joto la karafuu likinirudia mpaka kwenye nyayo. Sikukuu ilipopita mama alifungua sanduku lake akatoa kanga za kwendea posa, na mimi nikamwomba angoje. Kazini walitaka watu wa kwenda kaskazini wiki tatu. Nikainua mkono kabla hawajamaliza kusema.

Kendwa ya wakati ule ilikuwa mawe, vichaka, minazi na nyumba za makuti chache zilizogeuziana mgongo. Tulilala katika banda, tukipima tangu alfajiri. Siku ya kwanza upepo wa pwani ulichukua pama langu ukalipeleka majini, na sikuwa na jingine. Nikafanya kazi kichwa wazi. Nilingoja kuchekwa.

Wakapita watu wamebeba madema ya kuvulia samaki, wanaume wa Kitumbatu, mmoja wao kifua kipana na ndevu nzito, ananizidi miaka kumi kama si kumi na mitano. Alinitazama kichwani, akapunguza mwendo.

"Shikamoo," alisema.

Nilitazama nyuma yangu kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu.

"Marahaba," nikasema, kwa sababu shikamoo haiachwi chini.

Mkubwa wangu wa kazi, ambaye alikuwa na nywele tele na miaka arubaini, hakupewa kitu. Jioni yule mtu alituletea samaki mmoja, changu, akaniwekea mimi kichwa chake, ambacho ni haki ya mkubwa, na mwenzangu akapewa mkia.

"Kula, mzee wangu," mkubwa wangu aliniambia. "Kula na nywele zako."

Nilicheka mpaka nikapaliwa. Sijui kitu gani kilifunguka. Kwa miezi mitano nilikuwa nimekificha kile kitu kama mzigo wa wizi, na huku kaskazini watu walikitazama mara moja, wakanipa heshima na samaki, wakaenda zao. Wiki tatu nzima nilisali katika msikiti mmoja. Nilitia udhu katika birika moja, mbele ya watu wale wale. Upepo wa bahari ukipita juu ya utosi usio na kitu una raha ambayo wenye nywele hawataijua, na mimi sina namna ya kuwaeleza.

Nikawaza pia gazeti lile. Mtu anayetaka kukucheka haliwekei mawe pembe nne.

Niliporudi mjini nilikwenda kwa kinyozi kabla ya kwenda nyumbani.

"Nyoa," nikamwambia.

"Nipunguze?"

"Nyoa yote."

Alisimama na wembe mkononi. "Unakwenda kuhiji?"

"Nakwenda Kiembe Samaki."

"Hapo sijui dua yake," alisema, akanipaka povu.

Alinyoa taratibu, na mwisho alinipangusa kwa kitambaa cha maji moto, akanionyesha katika kioo chake kilichopasuka. Kilikuwa kichwa kizuri. Nasema hivi bila kujivuna, kwa sababu sikukitengeneza mimi. Kilikuwa kimekaa sawa, hakina kovu wala nundu, na macho yangu chini yake yalionekana ya mtu anayejua anakokwenda. Miaka miwili mitatu baadaye vijana wa rika langu walifuga nywele zikawa kama matenga, kisha ukaja wakati nywele ndefu zikapigwa marufuku, na kukawa na watu wanaosimama njiani na mikasi. Wenzangu walipita vichochoroni wamejikunyata. Mimi nilipita katikati ya barabara ya Darajani, kifua mbele, na wenye mikasi walinipa njia. Lakini hayo ni ya baadaye.

Nilifika Kiembe Samaki saa nne asubuhi, kofia mfukoni. Nikapiga hodi.

"Karibu," mjane alijibu ndani, kisha akatokeza barazani na sindano yake, akasita.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba." Alinitazama kutoka kidevuni mpaka juu, akarudi chini. "Ni wewe mwenye kofia nane?"

"Ni mimi. Mama yangu na shangazi zangu watakuja Ijumaa, wana maneno yao. Nimeona nije kabla yao, unitazame. Usije ukasema umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Mambo ya mtu kujiletea mwenyewe umeyatoa wapi? Hayo si ya watu wazima?"

"Nna miaka ishirini na moja, Bi Mkubwa. Na nywele ndiyo hizo unazoziona. Haziji tena. Nimepaka kila kitu."

"Na karafuu?"

Nilipeleka mkono utosini.

"Ulikuja hapa mwezi ule tukadhani tumeanika karafuu uani," alisema. "Nikamwambia mwanangu, huyu ana jino au ana kichwa. Yeye akasema ana kichwa." Aliketi barazani, akaweka sindano kwenye kitambaa. "Sisi vichwa vya watu ndiyo kazi yetu. Wewe ulidhani tunashona kwa kubahatisha? Kofia ikirudi kufuliwa, huona ilipobanwa na ilipolegea. Kichwa chako tulikijua tangu Mfunguo Tisa."

"Na mimi nikaagiza ya nane kwa kipimo kile kile."

"Nikakuachia. Mtu akitaka kudanganya kofia yake mwenyewe, mimi mshonaji nimzuie kwa nini?"

Nyuma ya pazia la mlango palikuwa na kimya ambacho si cha nyumba tupu. Nilijua yupo. Nikauliza lile nililokuja kuuliza, nikalielekeza kwa mjane, maana ndiyo adabu, lakini kwa sauti ya kufika mlangoni.

"Yule mwenye mvi ulimkataa. Mimi nnauliza kama kuna haja ya mama yangu kuvaa kanga zake mpya Ijumaa, au azirudishe sandukuni."

Mjane aligeuza shingo kidogo kuelekea pazia, kama mtu anayesikiliza chungu kinachotokota. Kisha mkono ulitokeza pembeni mwa pazia, wenye plasta kwenye kidole cha shahada, umeshika uzi mpya mweupe. Mama yake akaupokea bila kushangaa.

"Inama," aliniambia.

Nikainama. Alinizungushia uzi juu ya masikio, moja kwa moja kwenye ngozi. Ulikuwa baridi. Alifunga fundo ncha zilipokutana, akaingia ndani, na nikamsikia anafanya kitu msumarini. Alipotoka alikuwa na uzi wangu wa zamani, ule wa siku za msitu. Akaukata kwa meno akautupa uwanjani.

"Kofia ya bwana harusi haishonwi kwa kipimo cha zamani," alisema. "Ijumaa waje. Waje baada ya sala, na mama yako asijichoshe kwa zawadi nyingi, njia ni ndefu."

Nilitoa kofia mfukoni nivae, kwa mazoea tu, ili niage kama mtu. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, si ya juu, sauti ya mshonaji anayemwambia mteja jambo la kazi.

"Mama, mwambie akae hivyo hivyo. Akiota nywele, kipimo kitaharibika."

Nikairudisha kofia mfukoni. Nimekaa hivyo hivyo hadi leo.